Nilimlaumu Kijana wa Samaki

Katika ukurasa huu akina mama wenzangu wamekwisha kutufundisha mapishi, ushoni na malezi, nasi tumefaidika. Leo mimi naomba nafasi nieleze jinsi nilivyomharibia kijana mmoja riziki yake kwa muda wa siku kumi na tisa, kwa sababu ya beseni moja la maji ya chumvi.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilipata cheti cha ualimu, nikafundisha shule ya msingi miaka mitano, kisha nikahamishiwa ofisini, ambako hadi leo nashughulika na majalada. Nyumba yetu iko Mafubira, karibu na barabara iendayo Kamuli, mahali ambapo zamani palihesabiwa kuwa shamba na tangu mwaka 2020 pamo ndani ya Jiji la Jinja, ingawa mbuzi wa majirani hawajapata taarifa hiyo. Kiswahili nimekinyonya kwa mama. Babu yangu aliletwa huku na kazi ya reli kutoka pwani, akaoa, na akazikwa huku huku. Mume wangu anafanya kazi Mbale na huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mambo ya nyumba, kuanzia ada za watoto hadi msumari wa dari, yako mikononi mwangu.

Nyuma ya nyumba ipo chemchemi ndogo, na chini yake tulichimba bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kina cha mita 1. Humo nilifuga ngege, samaki yule ambaye wenzetu wa Mwanza humwita sato. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Tulikula, tukauza, na viatu vya shule vikapatikana. Mwaka wa pili, ada ilipopanda, nikapanda nyanya katika kipande kilicho kati ya chemchemi na bwawa, ambapo mfereji wa maji unapita. Naomba msomaji akiweke kipande hicho akilini, maana mimi sikukiweka.

Vifaranga vya samaki nilivinunua kwa kijana mmoja wa miaka ishirini na miwili hivi. Yeye huvichukua kwenye mabwawa ya kutotoleshea yaliyo ng'ambo ya Iganga, akavileta kwa pikipiki ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na oksijeni. Ndiye aliyenionyesha kwamba maji hayo ya safari hutiwa chumvi kidogo, gramu 3 hadi 5 kwa lita, ili samaki wasidhoofike njiani. Siku ya kwanza nilimcheka, nikamwuliza kama huwa anawaongezea na ndimu. Akacheka pia, lakini alizipima gramu zake kwa uangalifu uliopita wa wapishi wengi ninaowafahamu, mimi nikiwa mmojawapo.

Mwezi Machi nikanunua kwake vifaranga 400, kila kimoja kwa shilingi 300, jumla shilingi 120,000. Jirani yangu wa bondeni, ambaye bwawa lake lina chemchemi yake mwenyewe, alichukua 200 kutoka katika mzigo huo huo. Tulisimama pamoja tukiwahesabu.

Wiki ya tatu nikaona baadhi ya samaki wangu wana nyuzi nyeupe mkiani, mfano wa pamba. Ni ukungu, na dawa yake naijua: nusu kilo ya chumvi katika lita 25 za maji, yaani gramu 20 kwa lita, samaki waogeshwe humo kwa dakika 15 huku wakiangaliwa, kisha warudishwe bwawani. Mwaka uliotangulia nilifanya hivyo mara mbili na hakufa hata mmoja. Basi Jumamosi asubuhi nikawakamata samaki 60, nikawatia katika beseni kubwa la kufulia, nami nikachuchumaa kando na saa yangu.

Dakika ya sita walianza kulala ubavu. Dakika ya tisa wengine walikuwa wamepanua midomo na vifuniko vya mashavu, wakizunguka kama pia inayokaribia kuanguka. Niliwamwaga haraka katika maji safi, lakini hadi mchana nilikuwa nimezika 52 chini ya mgomba. Mwanangu wa pili, ambaye alikuwa amewapa wengine majina, hakula chakula cha mchana.

Sasa ndipo lilipo kosa langu. Nilijiuliza: chumvi ni ile ile, beseni ni lile lile, mkono ni ule ule, kilichobadilika ni nini? Nikajijibu upesi, kama ajibuvyo mwanafunzi mwenye papara: kilichobadilika ni samaki. Kijana amenipa samaki wabovu. Jumapili, kwenye kikao cha kikundi chetu cha akiba na mikopo, nikasimama nikalisema hilo mbele ya wanachama wote. Walikuwapo akina mama tisa waliokwisha kujiandikisha kununua vifaranga mwezi uliofuata. Wote tisa wakafuta majina yao. Neno la mwalimu lina uzito, hata akiwa ameacha chaki.

Siku kumi na tisa zilipita. Jioni moja nikasikia pikipiki. Kijana hakuingia uani. Alisimama penye mlango, kofia ngumu mkononi.

"Mama Mwalimu, shikamoo. Nimesikia samaki wangu wamekufa kwako."

"Marahaba. Wamekufa, na pesa yangu imekufa nao."

"Pole, Mama. Lakini wale wa jirani yako nilikuja nao safari ile ile, mfuko mmoja nikaugawa kati yenu. Wa kwake wako hai. Nimetoka kuwatazama sasa hivi."

Nilinyamaza. Akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyeyarudia maneno yake njia nzima: "Naomba tuwapime. Watano wa kwako, watano wa kwake, chumvi moja, dakika zile zile. Wa kwake wakifa, nitakurudishia shilingi 120,000, hata kama ni kwa kuuza pikipiki."

Naungama kwamba nilikubali kwa furaha ya mtu aliyekwisha kushinda kesi. Tena ualimu ukanipanda kichwani. Nikamwambia jaribio la namna hiyo halijakamilika mpaka pawe na beseni la tatu: samaki wangu watano katika maji matupu yasiyo na chumvi, ili tujue kama hawafi kwa sababu ya kukamatwa tu. Nilidhani beseni hilo la tatu litamtia aibu, kwa kuwa nilitarajia samaki wake wafe hata ndani ya maji matupu.

Tukapanga mabeseni matatu kwenye ukumbi wa nyuma. Jirani alikuja na samaki wake ndani ya dumu. Mzani ulikuwa wa duka la jirani, chumvi ilitoka mfuko mmoja. Watoto wakahesabu dakika kwa sauti. Samaki wa jirani, ndani ya chumvi, walikimbia huku na huko dakika mbili tatu, kisha wakatulia, wakipumua kwa haraka kidogo lakini wima. Wa kwangu, ndani ya maji matupu, walikaa chini ya beseni, wazito kidogo, lakini wima. Wa kwangu ndani ya chumvi, dakika ya saba mmoja akalala ubavu. Dakika kumi na tano zilipotimia watatu walikuwa wamekufa, na wale wawili waliobaki hawakuiona magharibi.

Kijana hakusema neno. Alikunja suruali, akawarudisha samaki wa jirani katika dumu, akaniaga kwa heshima, akaondoka. Laiti angesema neno, ningepata la kumjibu.

Asubuhi niliomba ruhusa kazini nikaenda kumwona afisa wa uvuvi. Huyu ni mtu mpole, asiyependa kukata shauri haraka. Kwanza alinionya kwamba samaki watano ni wachache na hawatoshi kuthibitisha jambo kwa uhakika wa kitaalamu. Kisha akauliza swali moja tu: "Maji yako yanapita wapi kabla ya kufika bwawani?"

Ndugu msomaji, nilihisi sakafu imehama.

Kila Ijumaa jioni nilikuwa nikinyunyizia nyanya zangu dawa ya wadudu, kisha nikaenda kuosha bomba la kunyunyizia penye mfereji. Sikuliosha kwenye bomba la uani kwa sababu hapo ndipo watoto wanapokunywa maji na ndipo vyombo vinapooshwa. Nilijiona mama mwangalifu kweli kweli. Ijumaa iliyotangulia Jumamosi ile ya msiba nilikuwa nimefanya vivyo hivyo, na usiku mvua ikanyesha.

Nikamwuliza: kama ni dawa, mbona hawakufa bwawani? Wamekaa humo wiki tatu, wanakula, wanaogelea. Jibu lake lilichukua karibu saa nzima, nami nitalieleza kwa njia yangu, kwa vyombo vya jikoni, maana ndivyo nilivyolielewa.

Kila mpishi anajua kwamba maharage makavu yakilowekwa katika maji huvimba, na kwamba vitunguu vya kachumbari vikinyunyiziwa chumvi hutoa maji na kulegea. Maji hukimbilia upande wenye chumvi nyingi zaidi. Damu ya samaki ina chumvi kiasi cha gramu 9 kwa lita. Maji ya bwawa langu, kama ya ziwa letu la Victoria, yana chumvi kidogo mno. Kwa hiyo samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ni kama lile harage: usiku na mchana maji yanamwingia, na chumvi yake inataka kumtoka. Hukojoa sana ili apunguze maji, na hurudisha chumvi mwilini kwa njia ya matamvua, yale mashavu mekundu ambayo mama zetu hufunua sokoni ili kujua kama samaki ni mbichi. Humo zimo seli maalumu zenye kazi ya kusukuma chumvi, mithili ya mabawabu mlangoni, na kazi hiyo hutendwa na kimeng'enya kinachokula nguvu nyingi. Ndiyo sababu kijana hutia chumvi kidogo katika maji ya safari: samaki aliyefadhaika hupoteza chumvi upesi, na chumvi ya nje ikikaribiana na ya ndani, bawabu hupumzika.

Lakini ukimtia katika gramu 20 kwa lita, mambo hugeuka. Sasa samaki si harage tena, ni kitunguu cha kachumbari. Maji yanamtoka, chumvi inamwingia, na ni lazima mwili wake ubadili desturi kwa haraka: anywe maji, na matamvua yazuie chumvi au kuitoa badala ya kuileta. Ngege mzima huweza hilo kwa dakika 15 bila shida, kwa kuwa jamii yake ni hodari. Ziwa Turkana, ambalo maji yake yana magadi na chumvichumvi, lina ngege wa aina hii hii. Perege wa mto Wami nchini Tanzania, ndugu yake wa karibu, hustahimili hata maji ya bahari. Na katika Ziwa Magadi kule Kenya yuko samaki mdogo wa ukoo huo anayeishi katika maji makali kiasi kwamba amelazimika kutoa uchafu wa mwili wake kwa namna ya urea, kama mimi na wewe, tofauti na samaki karibu wote.

Hodari huyo akiharibiwa matamvua, uhodari wote umekwisha. Dawa niliyotumia ni saipamethrini, moja katika kundi la sumu zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile ambalo wakulima wa Kenya, Tanzania na Kigezi wamelilima miaka mingi. Kwa mtu na kwa kuku ukali wake si mkubwa sana, ndiyo maana zinapendwa. Kwa samaki ni kali kupita kiasi. Ikiwa nyingi, hushika mishipa ya fahamu na samaki hufa wazi wazi. Ikiwa kidogo isiyotosha kuua, huweza kuvimbisha ngozi laini ya matamvua na kudhoofisha kile kimeng'enya cha kusukuma chumvi. Samaki huyo ataishi. Atakula. Mwenye bwawa atampita asubuhi na kumwona ni mzima. Bawabu amelala mlangoni, na hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna mgeni aliyebisha hodi. Siku chumvi inapobisha, ndipo inapojulikana.

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu, kwa sababu mtu aliyefundisha hesabu darasa la sita hawezi kulala na swali la namna hiyo. Bwawa langu lina mita za ujazo 80, yaani lita 80,000. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Chupa yangu iliandikwa kuwa dawa ni sehemu 5 kwa 100. Basi kijiko kimoja kina robo gramu ya sumu yenyewe. Igawanye katika lita 80,000, utapata kama maikrogramu 3 kwa lita, na maikrogramu ni gramu moja iliyokatwa vipande milioni. Maikrogramu chache kwa lita zatosha kuwadhuru samaki wengi. Kijiko cha chai! Nilikuwa nikisuuza bomba zima, na sikusuuza mara moja bali kila Ijumaa.

Yule afisa alinikumbusha pia kwamba mji wetu si mgeni wa mambo haya. Tangu mwaka 1947 Jinja imekuwa makao ya utafiti wa samaki wa Afrika Mashariki. Hapo ndipo Bibi Rosemary Lowe, mtaalamu wa jamii hii ya ngege, alipofanya kazi hadi mwaka 1953, akalazimika kuacha cheo chake kwa kuwa aliolewa, maana kanuni za utumishi wa kikoloni hazikumtaka mwanamke mwenye mume. (Nikiwa mtumishi wa serikali mwenye mume na watoto, habari hiyo ilinikaa rohoni kuliko zote.) Miaka hiyo hiyo, bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa hadi kufunguliwa mwaka 1954, mto Naili ulitiwa DDT ili kuwaua inzi weusi wanaoitwa mbwa, waliowauma watu vibaya na ambao jamii yao hueneza upofu wa mto. Inzi walipungua na hatimaye wakatoweka katika sehemu hiyo ya mto. Watu wa Jinja hawakuwa na sababu ya kuwalilia. Hata hivyo mwaka 1958 mtafiti mmoja wa hapa, Philip Corbet, alichapisha makala juu ya athari za DDT hiyo kwa viumbe wengine wa Naili, kwa kuwa wadudu wa majini ni chakula cha samaki.

Mimi mwenyewe nakumbuka mwaka 1999, nikiwa na umri wa miaka kumi. Watu waovu walikuwa wakitia dawa za mimea ziwani ili waue samaki na kuwaokota kirahisi. Habari zikaenea, Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wetu, na halikufunguliwa mpaka mwaka 2000. Mama yangu wakati huo alifunua matamvua ya kila samaki mara tatu, kisha akanunua maharage. Sisi watoto tuliwalaani wale wavuvi. Sikujua kwamba nitakuja kufanya kazi yao hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo na kwa nia njema.

Tena nilifahamishwa kwamba uhasama wa dawa na chumvi una pande mbili. Huko California, Marekani, ambako maji ya bahari hukutana na mito iliyopita katika mashamba makubwa, wataalamu wa chuo kikuu kilichoko Riverside waliona kwamba samoni wachanga waliokwisha kuzoeshwa maji ya chumvi waliumizwa zaidi na dawa iitwayo foreti kuliko wenzao wa maji baridi. Mwili wa samaki unapojiandaa kwa chumvi huongeza kimeng'enya kingine, na kimeng'enya hicho, pasipo kukusudia, huigeuza dawa ile kuwa kali zaidi. Basi sumu humfanya samaki ashindwe na chumvi, na chumvi nayo yaweza kuinoa sumu. Nikafikiria midomo ya Tana na Rufiji, ambako bahari hupanda mtoni mto unapokuwa dhaifu, na ambako maji yanayoshuka yametoka mashambani. Samaki wa huko hawana mtu wa kuwahamishia katika beseni lingine.

Sasa nirudi kwa kijana. Kumwendea peke yake kungekuwa rahisi, na nilishawishika kufanya hivyo. Lakini sikumsema peke yake. Nilimsema mbele ya watu. Jumapili iliyofuata nikasimama tena kikaoni. Nilieleza mambo yote: nyanya, mfereji, bomba, mabeseni matatu. Sauti yangu ilitetemeka kuliko siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha.

Nilipokaa pakawa kimya. Kisha mama mmoja mtu mzima, ambaye hupima maneno yake kama mafuta ya taa, akasema: "Mwalimu, siku ile ulisema kwa dakika mbili tukaamini. Leo umesema kwa dakika ishirini. Uongo ulikuwa mwepesi, eh?" Wengine walicheka, mimi sikuweza. Katika wale tisa, sita walirudisha majina yao. Watatu walikwisha kununua kwingine, na hao siwezi kumrudishia.

Kwake nilikwenda na mume wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Mbale. Tulimkuta akikarabati pampu ya hewa. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekukosea," nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwa kitambaa. Akauliza: "Waliobaki ni wangapi?" Nikamwambia hatujawahesabu tangu siku ile. Akasema: "Usiwatie chumvi tena kwanza. Wape maji." Habari za fidia alizikataa, lakini alikubali tumlipe mafuta ya pikipiki ya safari ile ya mabeseni, akataja kiasi halisi bila kuongeza shilingi.

Mfereji tumeuhamisha, sasa unazunguka juu ya nyumba, mbali na nyanya, na kazi hiyo ya majembe ilituchukua siku nne. Bomba hulisuuza kwa maji kidogo mara tatu, na maji hayo nayanyunyiza juu ya nyanya zenyewe, ndani ya shamba, siku ambayo anga haina dalili ya mvua. Chupa ya dawa, ambayo zamani ilikaa juu ya kabati la jikoni karibu na mafuta ya kupikia (naona haya kuandika hivyo), iko katika sanduku la kufuli nje. Isitoshe, nanyunyizia pale tu ninapowaona wadudu, si kwa sababu ni Ijumaa. Nyanya zimepungua kidogo. Ada ya muhula huu nililipa nusu, nusu nikaomba muda.

Matamvua, alisema yule afisa, si kama jino la mtu mzima. Seli zake hufa na kuota mpya, na maji yakiwa safi samaki huweza kupona katika muda wa majuma machache. Dawa yenyewe nayo huvunjika polepole majini na matopeni. Basi tukasubiri wiki sita. Ukungu ulikuwa umepungua bila msaada wangu. Tulipovuta wavu tukahesabu samaki 214.

Kijana alikuja mwenyewe siku hiyo ya kuwapima, bila kuitwa mara ya pili. Jirani naye alikuja, na nusu ya watoto wa mtaa. Samaki kumi wangu tukawatia katika lita 25 za maji na nusu kilo ya chumvi. Mwanangu wa pili alikataa kutazama; aliketi mgongo kwa beseni na saa mkononi, akitaja dakika. Ya tatu. Ya sita. Ya saba, ambapo hakuna mtu aliyepumua. Ya tisa. Samaki mmoja aliinama kidogo, akajiinua. Dakika ya kumi na tano kijana aliingiza mkono majini, akawasukuma wote kumi polepole kwa nyuma ya vidole, nao wakamkimbia.

"Geuka sasa," akamwambia mtoto, "uwarudishe bwawani mwenyewe."